Ni Haradali Gani?

Huko Jaipur, mji mkuu wa jimbo la Rajasthan nchini India, bei ya haradali hutajwa pamoja na namba 42. Hiyo ni asilimia ya mafuta yaliyomo ndani ya mbegu. Bei inayotangazwa ni ya mzigo wenye mafuta asilimia 42, na mzigo wenye mafuta pungufu hulipwa pungufu. Mwenye kinu anachotaka kujua ni kwamba akikamua kilo mia atapata mafuta kiasi gani, na atabaki na mashudu kiasi gani.

Rajasthan peke yake hutoa karibu nusu ya haradali yote ya India, kwa hiyo namba hiyo inagusa mifuko ya wakulima wengi mno. Mimi sina ugomvi nayo. Ni kipimo cha haki kuliko kupima kwa kilo tu. Lakini kuna swali la pili ambalo bei ile haiulizi: hayo mafuta yaliyomo ni mafuta ya namna gani? Leo nataka tukae na maswali yote mawili, maana watu huyachanganya, halafu mmoja anakwambia mafuta ya haradali ni sumu ya moyo, na mwingine anakuapia kwamba ni dawa ya moyo. Wote wawili hawajauliza ni haradali gani.

Tuanze na mmea wenyewe. Jina haradali linabeba mimea kadhaa. Ipo nyeupe, ipo nyeusi, na ipo ya kahawia, ambayo Wahindi huiita rai, na wataalamu huiita Brassica juncea. Punje zake ndizo tunazozikuta kwenye achari ya embe, Mombasa hadi Unguja. Mwaka 1935 mtaalamu wa mimea Woo Jang-choon, mwenye asili ya Korea, aliyefanya kazi Japani, alieleza kwamba haradali hii ya kahawia imezaliwa na mimea miwili tofauti iliyochanganyika zamani. Mmoja ni wa jamii ya tanipu, wenye jozi 10 za kromosomu. Wa pili ni haradali nyeusi, yenye jozi 8. Mtoto akachukua zote, akawa na jozi 18. Naomba ulishike jambo hili, msikilizaji, kwa sababu litarudi kuwatoa jasho watafiti: mmea huu una nakala mbili za karibu kila kitu, moja kutoka kwa kila mzazi.

Sasa, wingi wa mafuta. Haradali ya kahawia kwa kawaida huwa na mafuta kati ya asilimia 35 na 45, kutegemea aina na shamba. Haradali nyeupe iko chini, mara nyingi kati ya 25 na 30, ndiyo maana yenyewe husagwa kuwa kiungo cha mezani kuliko kukamuliwa. Na ipo jamaa yao ya karibu, sarson ya njano, inayopendwa sana na wenye vinu kwa sababu baadhi ya aina zake hufika 45. Siri yake iko kwenye ganda. Ganda la mbegu halina mafuta ya maana. Ni nyuzi na rangi. Mafuta yamo kwenye kiinitete kilicholala ndani. Mbegu ya njano ina ganda jembamba kuliko ya kahawia, kwa hiyo sehemu kubwa zaidi ya uzito wake ni kiinitete, na hata mashudu yake huwa na nyuzi chache. Mtafiti anayeokota punje za njano kutoka kwenye rundo la kahawia ana sababu yake.

Shamba nalo lina neno. Kaskazini mwa India haradali hupandwa mwezi wa Oktoba, ikavunwa Februari au Machi. Mkulima aliyechelewa kupanda, labda kwa sababu alisubiri kuvuna mpunga, mbegu zake hujaza wakati joto la Machi limeshaanza. Mbegu inayojaza kwenye joto hukomaa haraka na kuweka mafuta machache. Mbolea ya naitrojeni ikizidi, mavuno hupanda lakini mbegu hugeukia protini na mafuta hushuka. Salfa ni kinyume: haradali ni mlaji mkubwa wa salfa, na mkulima anayenyunyiza jasi kwenye udongo uliochoka hupata mavuno na mafuta pia. Kwa hiyo mkulima mwenye juhudi anaweza kabisa kuisogelea ile 42 kwa mikono yake. Lakini kwa jambo linalofuata, juhudi za shamba hazisaidii chochote. Hapo ni mbegu tu.

Mafuta yote ya kula yamejengwa kwa asidi za mafuta, na kila asidi ni mnyororo wa kaboni. Ile inayotawala kwenye zeituni inaitwa asidi ya oleiki, ina kaboni 18. Alizeti inajulikana kwa linoleiki, nayo ina kaboni 18, tofauti ikiwa kwenye namna kaboni hizo zilivyoshikana. Mimea mingi ya mafuta hufika 18 na kusimama. Haradali haisimami. Ndani ya kiinitete chake mna kimeng'enya kinachoongozwa na jeni iitwayo FAE1, na kazi yake ni kuichukua oleiki iliyokwisha kukamilika na kuirefusha, kama msusi anayeendelea kuunga ukili baada ya mkeka kutosha. Anaongeza kaboni 2, zinakuwa 20. Anaongeza 2 tena, zinakuwa 22. Hiyo ya 22 ndiyo asidi ya eruki, na ndiyo kiini cha mazungumzo yetu.

Ukichukua aina za zamani za India, kama Varuna, ambayo imelimwa kwa miongo mingi na kutumika kuzalisha aina nyingine nyingi, karibu nusu ya mafuta yake ni asidi ya eruki. Oleiki inabaki kama sehemu moja ya kumi hivi, kwa sababu nyingine yote imesharefushwa. Linoleiki na linoleniki zinachukua kila moja fungu dogo, na mafuta yanayoganda, yale ambayo madaktari hutuonya juu yake, hayafiki hata asilimia 10. Tazama hapo palivyo na utata. Mafuta hayohayo yana mafuta yanayoganda machache sana, yana linoleniki, ambayo ni omega 3 na ni adimu kwenye mafuta ya kupikia, na wakati huohuo nusu yake ni asidi ambayo serikali nyingi zimeiwekea mpaka.

Mpaka huo ulitoka wapi? Ulianza na panya. Katika miaka ya 1960 watafiti waliowalisha panya mafuta mengi ya mbegu za rapa, binamu wa haradali, walikuta misuli ya moyo imejaa chembe za mafuta, na waliolishwa kwa muda mrefu wakapata makovu moyoni. Asidi ya eruki, kwa urefu wake, huchomwa polepole mno ndani ya moyo, ikalundikana. Baadaye ilionekana kwamba panya ni dhaifu kuliko wanyama wengine katika kuisaga asidi hiyo, na kwamba mafuta yale ya moyoni hupungua mwili unapozoea. Kwa binadamu ushahidi haujawahi kuwa mkali namna hiyo. Kuna utafiti uliofanywa New Delhi na Bangalore, ukachapishwa mwaka 2004, uliokuta watu waliopikia mafuta ya haradali wana hatari ndogo zaidi ya ugonjwa wa mishipa ya moyo kuliko waliopikia alizeti. Wengi wanadhani linoleniki ndiyo iliyofanya kazi hiyo.

Pamoja na hayo, mpaka uliwekwa na bado upo. Umoja wa Ulaya tangu 2019 hauruhusu zaidi ya asilimia 2 ya asidi ya eruki kwenye mafuta ya kula ya kawaida, na umeyapa mafuta ya haradali asilimia 5. Marekani haiyakubali mafuta ya haradali yaliyokamuliwa kuwa chakula; ndiyo maana chupa zinazouzwa kule kwenye maduka ya Wahindi huandikwa kwamba ni ya kupaka tu. Mnunuzi anaisoma, anaiweka kapuni, anakwenda kukaangia samaki. Mimi nauona mpaka huo kuwa wa busara, hasa kwa watoto wadogo, ambao kwa uzito wa miili yao hula mafuta mengi kuliko sisi. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema hivyohivyo mwaka 2016: wasiwasi uko kwa mtoto anayekula vyakula vyenye asidi hiyo kwa wingi, kuliko kwa mtu mzima wa kawaida.

Sasa twende Canada, maana kule ndiko swali la pili lilikopata jibu, na njia waliyoitumia inanipendeza kupita kiasi. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili Canada ililima rapa kwa ajili ya mitambo ya meli. Mafuta yenye eruki nyingi hung'ang'ania chuma hata kikioshwa na mvuke wa maji. Vita vikaisha, wakulima wakabaki na zao lisilo na mnunuzi, wakataka lililike. Baldur Stefansson wa Chuo Kikuu cha Manitoba na Keith Downey wa Saskatoon wakaanza kutafuta rapa isiyorefusha oleiki. Mwaka 1961 waliipata, ndani ya mbegu za rapa ya malisho ya ng'ombe kutoka Ujerumani iitwayo Liho.

Shida ya kutafuta ni hii: ili ujue mbegu ina asidi gani, sharti uisage. Ukiisaga, huna tena mbegu ya kupanda. Downey na mwenzake Harvey wakaeleza mwaka 1963 namna ya kulikwepa hilo. Chukua punje moja. Uzito wake ni miligramu 3 au 4. Iloweke kwenye karatasi yenye unyevu mpaka ganda lilegee na kimzizi kichomoze. Ndani mna majani mbegu mawili yaliyokunjwa, moja limelikumbatia jingine. Kwa ncha ya wembe libandue lile la nje, ukamue mafuta yake, uyapitishe kwenye mashine ya kromatografia ya gesi, ambamo kila asidi hutoka kwa wakati wake na kuchora kilima chake kwenye karatasi. Jani la ndani, lenye kimzizi, lirudishe kwenye udongo. Litaota. Ukiona kilima cha eruki hakipo, unajua ni mche upi wa kuulea, na mingine yote unaing'oa. Punje isiyojaa kwenye ukucha inakupa jibu na inakupa mmea.

Njia hiyo inafanya kazi kwa sababu ya jambo moja la maumbile. Asidi ya eruki inaamuliwa na jeni za kiinitete chenyewe, si za mmea mama. Kwenye ganda moja la tunda la mmea uliochanganywa unaweza kukuta punje yenye eruki nyingi imelala ubavuni mwa punje isiyo nayo kabisa. Mwaka 1968 Canada ikatoa rapa ya kwanza yenye eruki kidogo, iliyoitwa Oro, na 1974 Stefansson akatoa Tower, iliyopunguzwa eruki na pia zile kemikali chungu za kwenye mashudu. Mbegu za namna hiyo ndizo zilizopewa jina la kanola mwaka 1978.

Kwa haradali ya kahawia nako, zile jozi 18 ziliwatoa watafiti jasho. Haradali, kama rapa, ina nakala mbili za jeni ya kurefusha, na zote mbili lazima ziwe zimeharibika ndipo eruki itoweke. Ikiharibika moja, inapungua tu. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1981, Kirk na Oram wa Australia walipotangaza kwamba wamepata haradali isiyo na eruki kutoka kwenye mbegu za China. Lakini hizo zilikuwa mbegu za mahali pengine. Zilipopelekwa India zilichelewa kukomaa na kuzaa vibaya, ikabidi watafiti wazichanganye na zile za nyumbani, Varuna na nduguze, wachague, wachanganye tena, wachague tena, huku wakichunga ile 42 isianguke. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya India iliyoko Pusa, New Delhi, ndiyo iliyovuna matunda hayo: Pusa Mustard 30 yenye eruki chini ya asilimia 2, kisha mwaka 2016 Pusa Mustard 31, haradali ya kwanza ya India yenye ubora wa kanola. Kwenye mbegu hizi oleiki ambayo ingerefushwa inabaki ilivyo, na kutoka sehemu moja ya kumi inapanda hadi karibu asilimia 40.

Hapa nataka kutenganisha mambo mawili ambayo hata wapishi hodari huyaunganisha. Ule ukali wa haradali unaopanda puani hautokani na asidi ya eruki. Unatokana na kemikali ziitwazo glukosinolati, ambazo hukaa kimya ndani ya mbegu mpaka mbegu ivunjwe na kuguswa na maji. Hapo ndipo kimeng'enya kingine huzivunja, na ule mvuke mkali huzaliwa. Mama wa Kibengali anayepika samaki wa hilsa kwa haradali anautaka ukali huo. Bila huo, kwake hayo si mafuta ya haradali. Sasa angalia: Pusa Mustard 30 imeondolewa eruki peke yake. Glukosinolati zimeachwa. Ukali upo. Pusa Mustard 31 imepunguzwa vyote viwili, kwa hiyo mashudu yake ni mazuri kwa kuku, ambao wakila glukosinolati nyingi huvimba tezi ya shingo na kudumaa, lakini mpishi wa Kolkata anaweza kulalamika. Kwa maoni yangu ile ya 30 ndiyo yenye nafasi ya kuingia majikoni, na nasikitika kwamba kwenye magazeti ile ya 31 hupata sifa zote.

Basi kwa nini mbegu hizi hazijaenea Rajasthan nzima? Turudi kwenye ile bei. Mkulima akipeleka sokoni mzigo usio na eruki, wenye mafuta asilimia 40, jirani yake akapeleka wa kienyeji wenye 42, nani atalipwa zaidi? Halafu mizigo yote miwili itamwagwa kwenye kinu kimoja. Nyuki nao hawajui mipaka ya mashamba. Haradali hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, lakini si kwa ukamilifu, na chavua ya jirani ikiingia, punje zinazozaliwa hurudisha eruki. Bila mnunuzi anayepima na kulipia kile kilichomo ndani ya mafuta, kazi ya miaka mingi ya wale watu wa wembe na karatasi yenye unyevu inaishia kwenye mifuko michache ya mbegu. Hilo linaniuma. India huagiza zaidi ya nusu ya mafuta yake ya kula kutoka nje, na huku ina mbegu bora ambazo soko lake halijajifunza kuzipima.

Isifikiriwe kwamba asidi ya eruki haina kazi duniani. Viwanda huitafuta. Kutokana nayo hutengenezwa kitu kinachochanganywa kwenye plastiki nyepesi ili karatasi zake zisigandane. Ilitumika pia katika mafuta ya Lorenzo, yaliyotafutwa na wazazi wawili, Augusto na Michaela Odone, kwa ajili ya mtoto wao aliyeugua maradhi ya kurithi ya mishipa ya fahamu. Sehemu nne za oleiki na moja ya eruki. Na mwaka 2012 ndege ndogo ya utafiti ya Canada iliruka kwa mafuta yaliyotengenezwa yote kwa mbegu za haradali ya Ethiopia. Kwa mafuta ya injini, mnyororo mrefu ni neema.

Haradali hiyo ya Ethiopia ndiyo inayotufikisha nyumbani. Waethiopia huiita gomenzer, wanakula majani yake, na mbegu zake zilizosagwa hupakwa kwenye kikaango cha udongo ili injera isigande. Sisi tunaijua pia. Ndiyo loshuu ya Arusha na Meru, na ndiyo kanzira ya magharibi mwa Kenya. Tunachuma majani, tunapika, na mmea ukishatoa maua ya njano tunaona umeisha kazi. Sasa kuna watu wanaouliza, na ni swali zuri: mbegu hizo si zina mafuta? Mashine za kukamua alizeti zimejaa Singida na Dodoma. Kwa nini tusikamue na loshuu? Kwa wingi wa mafuta hazitawaangusha. Zinaweza kufika asilimia 40. Lakini za kienyeji zina eruki karibu asilimia 40 ya mafuta yenyewe, si mbali na Varuna.

Na ukipita Timau, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, utaona mashamba makubwa ya njano yanayozungushwa na ngano na shayiri. Hiyo ni kanola. Maua yake na ya loshuu mtu wa kawaida hayatofautishi, na punje zake zinafanana sana. Mafuta ya moja yana eruki chini ya asilimia 2, ya nyingine karibu 40. Mtu atakayetaka kukamua mbegu za loshuu ili auze mafuta ya kula, apeleke kwanza gramu chache maabara, na aombe vipimo viwili badala ya kimoja: mafuta ni asilimia ngapi, na ndani ya mafuta hayo asidi ya eruki ni asilimia ngapi. Mashine ya kromatografia ya gesi ipo kwenye vyuo vikuu na maabara za viwango, na majibu yake ni karatasi moja tu. Asiyeweza kuyapata, aendelee kuchuma majani.